Mizani haioni kilicho chini ya kawa

Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliongeza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kundi la sindano ambazo mitandaoni zinajulikana kwa jina moja tu: sindano za kupunguza mwili. Habari ilipofika kwetu ilikuwa imeshapunguzwa mwili yenyewe. Kwenye mabaraza ya mjini na kwenye makundi ya WhatsApp ilisomwa hivi: wakubwa wa dunia wamekubali kwamba unene ndio ugonjwa, dawa yake imepatikana, kilichobaki ni kujua nani anauza na kwa bei gani. Aliyesoma tangazo lenyewe alikuta jambo jingine. Dawa hizo ziliingizwa kwa ajili ya watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili ambao tayari wana maradhi ya moyo au ya figo, na juu ya hayo wana unene uliokithiri. Ni kundi mahsusi, dogo kuliko foleni ya wanaoziulizia. Na Desemba, shirika hilohilo lilipotoa mwongozo kuhusu kuutibu unene kwa sindano hizo, liliutoa kwa masharti, na kutaka dawa iende pamoja na usaidizi wa karibu wa kubadili ulaji na mwenendo.

Naona tumeisoma vibaya habari hii kwa sababu tulikwishaisoma vibaya iliyotangulia, ile ya moyo na sukari. Tumejiaminisha kwamba njia ya kwenda kwenye presha, kiharusi na kisukari inapita kwenye mizani peke yake. Mizani ina lake la kusema, na nitalipa haki yake huko mbele. Lakini namna mtu anavyokula, anavyojishindisha na njaa, anavyofakamia usiku akiwa peke yake, anavyojiharisha kesho yake ili afute alichokula jana, inaumiza moyo na kuvuruga sukari kwa njia zake yenyewe. Inamuumiza mnene na inamuumiza mwembamba. Na ile nasaha yetu ya "punguza mwili", ikitolewa bila kuuliza hayo, inaweza kuwa ndiyo inayomzidishia mtu maradhi.

Tukumbuke tulipotoka. Si zamani sana, kumwambia mtu "umenenepa" ilikuwa ni kumsifu. Aliyerudi kutoka safarini akionekana kanawiri, nyumba nzima ilishukuru. Bi harusi alikuwa akiwekwa ndani, akisingwa kwa singo, akilishwa, ili siku ya kutolewa atoke na mwili wake. Kukonda kulikuwa na maana zake, na zote mbaya: ukata, maradhi, mume asiyejali. Baadaye likaja janga la UKIMWI na kukonda kukawa ni kashfa ya kunong'onwa. Leo msichana huyohuyo anaishi chini ya hukumu mbili kwa wakati mmoja. Bibi yake akimwona anamuuliza, "Mwanangu mbona umekwisha hivi, unaumwa?" Shoga zake wakimwona anapima gauni wanamuuliza, "Na tumbo hilo?" Mama anasema kula, simu inasema usile. Na kwa kuwa hawezi kumkosea mama mezani wala kuikosea simu mkononi, anakula mbele za watu na kulipia akiwa peke yake.

Kwa hali ya visiwa vyetu, kulipia huko si jambo dogo. Utafiti wa viashiria vya maradhi yasiyoambukiza uliofanyika Unguja na Pemba mwaka 2011 ulionesha kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya watatu ana presha ya juu. Hakuna ukoo ninaoujua usio na mtu wa vidonge vya presha. Ndiyo maana kampeni za upimaji zinavutia watu, na ni jambo jema. Nilikwenda siku moja kwenye upimaji wa bure, sitataja wa nani. Meza ya kwanza ilikuwa ya mizani. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akavua viatu, akavua na bangili, akapanda. Mhudumu akasoma namba kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, akaandika, akasema: "Mama, punguza mwili." Mwanamke akasema haya. Hakuulizwa anakula nini, wala saa ngapi, wala kama aliwahi kujaribu kupunguza na ilikuwaje. Nyuma yangu alikuwapo msichana mwembamba mno, mikono kama fito. Alipopimwa presha mashine ikasoma chini sana, na mhudumu akafurahi: "Wewe huna neno, presha yako nzuri kabisa." Mizani imemsifu, mashine ya presha imemsifu, akaenda zake.

Huyo wa pili ndiye ananishughulisha kwanza, kwa sababu sote tumekubaliana kwamba hana neno. Katika mwaka 1945, chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36 wenye afya njema, waliojitolea badala ya kwenda vitani, akawapunguzia chakula kwa takribani miezi sita. Hawakufungiwa chakula kabisa. Walipewa wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku, kiasi kinachozidi mlo mzima unaopendekezwa na klipu nyingi za "siku 7 tumbo limekwisha". Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo yao ya moyo wakiwa wametulia yalishuka hadi takribani 35 kwa dakika, presha ikashuka, na moyo wenyewe, ambao ni nyama kama nyama nyingine, ukasinyaa. Mawazo yao yakawa ni chakula mchana na usiku. Na waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula bila kushiba, wiki baada ya wiki, wakisema tumbo limejaa na njaa bado iko palepale. Hao walikuwa vijana timamu, hawakuwa na ugonjwa wa ulaji walipoingia. Njaa ndiyo iliwatengenezea.

Madaktari wanaotibu anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula hadi mwili unaisha, wanaukuta moyo wa aina hiyohiyo: unapiga taratibu, umepungua unene wa nyama yake, wakati mwingine umezungukwa na maji. Presha "nzuri" ya msichana yule inaweza kuwa ni moyo unaobana matumizi. Liko na jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii. Mtu anayejishindisha na njaa hivyo, akipimwa damu, mara nyingi kolesteroli yake inakuwa juu, hata ile mbaya. Homoni za tezi ya shingo hushuka na mwili ukapunguza kazi zake nyingi, ya kuisafisha kolesteroli ikitajwa miongoni mwao. Sasa fikiria mtu huyo akipewa nasaha tunayompa kila mwenye kolesteroli ya juu: acha mafuta, acha nazi, acha nyama. Tumemkabidhi fimbo anayojipigia, tena kwa mhuri wa hospitali.

Halafu kuna kujiharisha, na hapa nitakaa kidogo maana ni letu. Nenda soko la Darajani, mjini Unguja, kwenye meza za dawa za asili. Kati ya habasoda, ubani na hiliki utaikuta sanamaki, majani makavu ya kijani kilichofifia, yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kufumbwa fundo. Ni dawa ya kuharisha ya kale, na ina heshima yake. Mwenye choo kigumu akiitumia siku mbili tatu hakuna ubaya. Siku niliyosimama pale, muuzaji alikuwa akimwelekeza mnunuzi wa kike aliyetaka "ya kukata tumbo": loweka usiku, kunywa asubuhi, na siku hiyo usitoke nyumbani. Akamwambia arudie kila wiki mpaka harusi. Chai nyingi za kupunguza mwili zinazouzwa kwa majina ya kifahari ndani yake ni sanamaki hiyohiyo, imebadilishiwa nguo. Anayeharisha hapotezi mafuta, kwa sababu chakula chake kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba kabla dawa haijafanya kazi kwenye utumbo mpana. Anapoteza maji, na pamoja na maji anapoteza potasiamu, madini yanayoongoza mapigo ya moyo. Anayejitapisha baada ya kula, kama wafanyavyo wagonjwa wa bulimia, anaipoteza vilevile. Anayemeza vidonge vya kukojoza vya presha vya mama yake ili apungue kilo mbili za maji, hali kadhalika. Potasiamu ikishuka sana, moyo unaweza kuchanganyikiwa mdundo na kusimama, tena kwa mtu mwenye uzito wa kawaida kabisa, anayecheka na kupiga picha, ambaye mizani haina la kumlaumu. Msiba ukitokea utasikia watu wanasema kaanguka tu ghafla, hakuwa akiumwa.

Upande wa pili ni ulaji wa kufakamia, na huu ndio unaokutana na kisukari. Simaanishi kula sana kwenye walima. Kila mtu huzidisha penye pilau. Namaanisha mtu anakula kiasi kikubwa kwa muda mfupi, mara kwa mara, akihisi hawezi kusimama, akijificha, na akimaliza anajichukia. Wataalamu wa akili wa Marekani waliutambua kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, ingawa daktari Albert Stunkard alikuwa ameueleza tangu 1959, na miaka minne kabla ya hapo alieleza hali nyingine ya jirani yake, ya watu wanaoshinda bila hamu ya kula na kula usiku. Je, dhara la kufakamia linatokana na unene tu unaoambatana nako? Swali hili lilipata jibu zuri mwaka 2010, pale watafiti wa Marekani walipowafuatilia kwa muda wa miaka mitano watu 134 wenye ugonjwa wa kufakamia na wengine 134 wasio nao ila wenye uzito unaolingana. Wale wenye ugonjwa walikuwa na uwezekano unaozidi mara mbili wa kugundulika na angalau matatizo mawili kati ya presha ya juu, mafuta mabaya ya damu na kisukari cha aina ya pili. Kilo zilikuwa sawa, na kilichotokea hakikuwa sawa. Ningependa kila anayeshika mizani kwenye kampeni aujue utafiti huu.

Khalati yangu ana sukari mwaka wa kumi na tano sasa. Mbele yetu anakula kama ndege. Asubuhi kikombe cha chai ya rangi isiyo na sukari, mchana anasema hana hamu, wageni wakija anapitisha sahani ya visheti bila kugusa na kila mtu anamsifu kwa subira. Sukari yake ya asubuhi haishuki, na kila akienda kliniki anagombezwa, anaongezewa dawa, anaambiwa ale kidogo. Siku niliyolala kwake nikaamka saa saba usiku kwenda kunywa maji. Alikuwa jikoni, taa imezimwa, kawa limewekwa kando, anakula wali wa nazi uliobaki kwa mkono, haraka haraka, amesimama. Alinitazama kama mtoto aliyekamatwa. Sikusema kitu, nikanywa maji yangu nikarudi kulala.

Tazama hesabu ya mwili wake. Mchana kutwa anameza vidonge vinavyoshusha sukari, na hakuna kinachoingia tumboni. Baadhi ya vidonge vyetu vya kawaida, glibenklamaidi kwa mfano, vinalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala. Sukari inaporomoka, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, na mwili unadai chakula kwa nguvu ambayo hakuna subira inayoishinda. Usiku anakula wanga wa siku nzima kwa robo saa, wakati ambao mwili wa binadamu unaihimili sukari vibaya kuliko asubuhi. Asubuhi kipimo kiko juu, anaogopa, anajinyima zaidi. Daktari anaona namba kubwa anaongeza dozi, na dozi kubwa inazidi kumporomosha mchana. Katika mduara huu hakuna mvivu wala mlafi. Yupo mtu anayetii nasaha kwa bidii kupita kiasi, na nasaha yenyewe ndiyo inayomwendesha. Kwa vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza, mambo ni makali zaidi, kwani wapo wanaogundua kwamba wakiruka sindano ya insulini wanakonda. Wanawake 234 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 11 walionesha gharama yake: waliokuwa wakijipunguzia insulini walikuwa na hatari ya kufa takribani mara tatu ya wenzao.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, ya watu walioshiba. Sisi tuna watoto wenye utapiamlo, tuna bei ya mchele, tuzungumze ya kwetu. Pingamizi hili lina uzito wa kimaadili na ndiyo maana halipaswi kujibiwa kwa dharau. Lakini kama hoja ya ukweli wa mambo halisimami. Fiji ni visiwa kama vyetu, na mwili mnene huko ulikuwa sifa kama kwetu. Televisheni ilipofika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995, wasichana wa skuli waliokuwa na dalili za ulaji uliovurugika walikuwa asilimia 12.7. Wengine wa umri wao walipopimwa mwaka 1998 walikuwa asilimia 29.2, na kujitapisha ili kukonda, jambo ambalo mwanzo hakuna aliyelitaja, kulitajwa na zaidi ya mmoja katika kila kumi. Hiyo ilikuwa ni televisheni, chombo kimoja sebuleni. Sisi tuna simu chini ya mto. Tena njaa yenyewe si kinga. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyofanywa San Antonio, Texas, kwa watu wanaopanga foleni ya chakula cha msaada, na waliozidiwa na ukosefu wa chakula kuliko wengine ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za kufakamia na za kujaribu kufuta walichokula. Anayeishi kwa karafuu kule Pemba hahitaji Texas kulielewa hili. Pesa huja kwa mkupuo wa msimu na huisha, na mwili uliozoea kipindi cha shibe na kipindi cha ukata hujifunza kula kana kwamba kesho hakuna.

Pingamizi la pili ni zito kweli, nalo linatoka kwa madaktari. Wanasema: usiwadanganye watu kwamba uzito si kitu. Wana ushahidi. Jaribio la semaglutaidi, mojawapo ya sindano zile za kupunguza mwili, lililotangazwa mwaka 2023, lenye watu 17,604 waliokuwa na uzito mkubwa na maradhi ya moyo bila kisukari, lilionesha kwamba dawa ilipunguza vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi, vikihesabiwa pamoja, kwa asilimia 20. Uingereza, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliowekwa kwenye mlo wa kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi kadhaa, karibu nusu yao, asilimia 46, walifikisha mwaka sukari ikiwa imerudi chini bila dawa. Siwezi kuyapuuza hayo na sitaki. Ila tazama yalivyofanyika. Waliopewa mlo ule walikuwa wakionana na muuguzi au mtaalamu wa lishe mara kwa mara, dawa zao za sukari zilisimamishwa siku ya kwanza, na chakula cha kawaida kilirudishwa hatua kwa hatua. Kwetu kinachosafiri ni namba 850 peke yake, bila muuguzi, na vidonge vikiendelea. Na jaribio jingine kubwa la Marekani lililowapunguza uzito wagonjwa wa kisukari 5,145 kwa mlo na mazoezi lilisimamishwa mwaka 2012 kwa kuwa vifo na mishtuko ya moyo havikupungua kuliko kwa wenzao, ingawa lilisaidia presha, sukari na usingizi. Kwa hiyo uzito una kazi yake katika hadithi hii, lakini hauwezi kuachiwa useme peke yake.

Limebaki la tatu, na ndilo dhaifu kuliko yote ingawa linasemwa kwa sauti kubwa kuliko yote: kwamba mtu mnene akiambiwa ukweli kwa ukali, akiaibishwa kidogo, atashtuka na kupungua. Ndiyo nadharia iliyokuwa ikifanya kazi kwenye ile mizani inayosomwa hadharani. Ingekuwa kweli, Unguja pangekuwa na wembamba wengi, maana hatujawahi kuwa na upungufu wa watu wa kumtania mnene. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walipowafuatilia watu wazima 6,157 kwa miaka minne, waliokuwa wamebaguliwa kwa sababu ya miili yao walikuwa na uwezekano wa takribani mara mbili na nusu wa kuingia kwenye unene uliokithiri kuliko wasiobaguliwa. Aibu haimfanyi mtu ale kidogo. Inamfanya ale gizani, na anayekula gizani ndiye kliniki haimpati.

Kuhusu Ramadhani nitasema kwa tahadhari, maana najua kuna watakaoniuliza kama nasema saumu inadhuru. Sisemi. Mtu mzima mwenye afya hufunga mwezi mzima na moyo wake ukawa salama, na Qur'ani imemwondolea mgonjwa ulazima kwa maneno yaliyo wazi. Linalonishughulisha ni saumu inapofanywa pazia. Mwaka 2004 watafiti waliowapima wasichana 668 wa sekondari nchini Ghana waliwapata kumi waliokuwa wakijinyima chakula hadi hatari, na hakuna aliyetaja urembo; wote walilielezea jambo hilo kwa lugha ya dini na ya kuitawala nafsi. Kwetu, mama hawezi kumwambia binti anayefunga Jumatatu na Alhamisi, akaunganisha sita za Shawwal, akaunganisha na nyingine, kwamba aache ibada. Anaona fahari. Ishara ya kutazama ni pale adhana inapolia: je, anafuturu na watu, au ana sababu kila siku? Na kwa wengi wetu upande wa pili, mtihani uko kati ya magharibi na tarawehe, pale uji, futari ya muhogo wa nazi, kaimati na tambi vinapoingia kwa mfululizo ndani ya nusu saa kwa mtu mwenye sukari ambaye hakubadilishiwa saa za dawa. Mafundisho tuliyokulia nayo yanataka theluthi ya tumbo iachiwe pumzi. Sijaona mwezi ambao tunayasahau kama huo.

Nini kifuate? Sindano mpya zitafika kwa wingi zaidi, kwa mlango wa mbele au wa nyuma, na kazi yake kubwa ni kuzima hamu ya kula. Kwa anayezihitaji ni neema. Kwa msichana yule wa mikono kama fito, au kwa aliyeishi miaka kwa kujinyima na kufakamia, kuzima hamu bila mtu wa kumfuatilia ni kuukabidhi ugonjwa chombo kikali kuliko sanamaki. Kabla hazijaenea, kliniki zetu za presha na sukari zingeweza kuanza na jambo lisilogharimu dawa yoyote: kuuliza. Huko London tangu 1999 wana maswali matano mafupi ambayo muuguzi yeyote anaweza kuyauliza, kama vile: unahisi umepoteza uwezo wa kujizuia unapokula? Chakula kimetawala maisha yako? Hapa itabidi tuongeze ya kwetu, la dawa za kuharisha na la kula usiku, na yaulizwe mlango ukiwa umefungwa. Itabidi pia kliniki ya sukari na wenzao wa afya ya akili wajuane kwa majina. Leo mgonjwa akitajiwa Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, anadhani anaambiwa ni mwendawazimu, na hatakwenda. Basi mshauri na aje yeye siku ya kliniki, akae chumba cha tatu. Na wapo watu ambao hakuna wizara iliyowahi kuwafikiria kwenye jambo hili, nao ni masomo na makungwi. Wao ndio wanaoingia kwa bi harusi wiki ile ambayo hajala siku mbili, wanamwona mwili, wanajua kama damu yake ya mwezi imesita. Hakuna daktari mwenye nafasi hiyo.

Mizani ibaki, ila iende meza ya tatu, na namba isisomwe kwa sauti.

Khalati yangu alibadilishiwa daktari mwaka jana, kijana tu, mwenyeji wa Wete. Nilimsindikiza. Kijana akamwamkia, akafunga faili bila kutazama kipimo, akamuuliza: "Bibi, chakula chako cha kwanza unakula saa ngapi?" Khalati akanitazama, kisha akatazama mikono yake. Akauliza naye: "Cha kwanza cha watu, au changu?"

Kijana akavuta kiti karibu. Tulikaa mle ndani dakika arobaini, na nje foleni ikanung'unika. Alitoka na dozi ndogo kuliko aliyoingia nayo, na agizo la kula asubuhi, ameketi, taa ikiwa inawaka.